Galaksi Nzima Hubadilikaje kwa Dakika Chache? Jibu kwa Mwalimu wa Kisauni

Mwalimu wa fizikia katika shule moja ya upili huko Kisauni, Mombasa, ameuliza hivi: "Niliwasomea wanafunzi wangu habari kwamba zipo galaksi za mbali ambazo miale yake ya gama (aina ya mwanga yenye nguvu kuliko zote, isiyoonekana kwa macho) huongezeka maradufu kwa dakika chache, kisha ikapungua tena. Mmoja wao akasimama akapinga. Alisema galaksi yetu ina upana wa takriban miaka 100,000 ya mwanga, na hakuna kinachosafiri kwa kasi kuliko mwanga. Basi galaksi nzima itabadilikaje kwa dakika tano? Naomba jibu nitakalompelekea. Pia, tutajuaje kwamba si vyombo vya wataalamu vinavyoyumba? Na je, ipo kazi ambayo darasa langu linaweza kuifanya juu ya jambo hili bila kuondoka Mombasa?"

Mwalimu, mpe mwanafunzi huyo pongezi zangu, kwa maana hoja aliyoitoa ndiyo ile ile ambayo wanafalaki wamekuwa wakiitumia tangu miaka ya 1960, ila wao huianzia upande wa pili. Yeye anasema kwamba galaksi ni kubwa, kwa hiyo haiwezi kubadilika haraka. Wao husema kwamba mabadiliko ya haraka yameonekana na kupimwa, kwa hiyo kinachong'aa lazima kiwe sehemu ndogo mno ndani ya galaksi hiyo. Kwa njia hii muda wa mabadiliko umekuwa kipimo cha ukubwa wa kitu ambacho darubini yoyote ya miale ya gama hukiona kama nukta tu. Nitaeleza jinsi kipimo hicho kinavyofanya kazi, na zaidi nitakaa mahali kinapotoa jibu ambalo bado linatusumbua.

Chukulia kwamba jioni moja waadhini wote wa kisiwa cha Mombasa, kuanzia Kizingo upande wa kusini hadi Tudor upande wa kaskazini, wameanza adhana ya magharibi katika sekunde ile ile, nawe umesimama Kizingo na masikio yako yana uwezo wa kuwasikia wote. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na kisiwa kina urefu wa kilomita 5 hivi. Mwadhini wa karibu utamsikia papo hapo, lakini sauti ya yule wa mwisho itakufikia baada ya sekunde 15, na kati yao wengine watakuwa wakijiunga mmoja baada ya mwingine. Hata wangekubaliana namna gani, kwako wewe hawawezi kuanza wala kunyamaza kwa pamoja. Basi ukisikia kundi zima la sauti likipanda na kushuka ndani ya sekunde moja, huna haja ya kwenda kuwatafuta ili ujue kwamba wote wamo ndani ya eneo lisilozidi mita 340 au hivi. Badala ya sauti weka mwanga, ambao husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, na hesabu ni hiyo hiyo: ukubwa wa chanzo hauwezi kuzidi kasi ya mwanga ikizidishwa kwa muda wa mabadiliko.

Tuitumie sasa kwa mfano ambao kwangu ndio bora kuliko yote. Usiku wa tarehe 28 Julai 2006, darubini za miale ya gama za H.E.S.S., zilizojengwa kwenye nyanda za juu za Khomas nchini Namibia, zilikuwa zimeelekezwa kwenye galaksi iitwayo PKS 2155-304 katika kundinyota la Samaki wa Kusini. Mwanga wake husafiri karibu miaka bilioni 1.5 kabla ya kutufikia. Usiku huo miale yake ya gama ilifurika hadi kufikia, kwa wastani, takriban mara 7 ya ile ya Nebula ya Kaa, wingu la mabaki ya nyota iliyolipuka, ambayo ndiyo kipimo cha kawaida cha kulinganishia katika taaluma hii, na ndani ya furiko hilo mlikuwa na miruko mifupi iliyopanda kwa muda wa sekunde 200 hivi. Zidisha 300,000 kwa 200, utapata kilomita milioni 60. Huo ni umbali unaokaribia ule uliopo kati ya Jua na sayari ya Utaridi. Kwa hiyo, ikiwa hesabu itachukuliwa jinsi ilivyo, eneo lililomwaga nguvu hizo zote lingeweza kuingia ndani ya kipembe kidogo cha mfumo wetu wa Jua.

Kitovu cha galaksi hai, yaani ile ambayo kiini chake hung'aa kupita kiasi kama PKS 2155-304, ni shimo jeusi lenye uzito wa Jua mara mamilioni hadi mabilioni. Lile la galaksi ya M87, ambalo picha yake ilitolewa mwaka 2019, lina uzito wa takriban Jua bilioni 6.5. Gesi inayovutwa kuelekea shimo hujizungusha na kuunda sahani yenye joto kali, na katika baadhi ya galaksi hizi sehemu ya nguvu hiyo hutoka kwa mikondo miwili inayorushwa pande mbili zinazokabiliana, kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, hadi nje ya galaksi yenyewe. Mkondo mmoja ukitokea kuelekezwa kwetu, galaksi hiyo huitwa blaza, na blaza ndizo sehemu kubwa kabisa ya galaksi zinazoonekana kwa miale ya gama. Mwaka 1991, setilaiti ya Compton ya Marekani ilipoikuta blaza ya 3C 279 iking'aa kwa nguvu isiyotarajiwa, ndipo ilipoanza kudhihirika kwamba jambo hili ni tabia ya jamii nzima. Mwaka uliofuata darubini ya Whipple huko Arizona iliona miale yenye nguvu kubwa zaidi kutoka blaza ya Markarian 421, na mwaka 1996 galaksi hiyo hiyo ilionekana ikibadilika ndani ya muda unaopungua saa moja.

Kuelekezwa kwetu kwa mkondo kunabadilisha hesabu, na hapa naomba wanafunzi wawe makini. Chukua kipande cha mkondo kinachotujia kwa asilimia 99.5 ya kasi ya mwanga. Kinatoa mmweko leo saa sita mchana, kisha kinatoa mwingine kesho saa sita. Mmweko wa kwanza umeshakwenda umbali ambao mwanga huumaliza kwa siku nzima, lakini kipande chenyewe kimeufuata nyuma kwa karibu kasi ile ile, na pengo kati yao ni sehemu moja tu ya mia mbili ya umbali huo. Kwa sisi tunaopokea, mmweko wa pili utafika dakika 7 na sekunde 12 baada ya ule wa kwanza. Siku nzima ya matukio imebanwa ndani ya dakika 7. Mwendo huo huo huzidisha pia mng'ao na nguvu ya kila mwale, na ndiyo sababu mkondo unaotuelekea huonekana ilhali mwenzake wa upande wa pili hufifia usionekane. Upanuzi wa ulimwengu nao huurefusha muda kidogo, lakini kwa PKS 2155-304 nyongeza hiyo ni asilimia 12 hivi, kwa hivyo naiacha kando. Ukiingiza athari hizi, pamoja na kwamba saa ya kitu kiendacho kasi hivyo hupita polepole ikilinganishwa na yetu, ukubwa wa chanzo huongezeka mara kumi au zaidi: badala ya kilomita milioni 60 tunapata kama milioni 600, umbali usiofika hata kwenye Mshtarii.

Mwanafunzi mwenye shaka atauliza kama mwendo huu umebuniwa ili kuokoa hesabu. Haukubuniwa. Miale ya gama ikisongamana pamoja na mwanga mwingine ndani ya eneo dogo, hugongana nao na kugeuka jozi za elektroni na pozitroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya). Kama chanzo kingekuwa kidogo kiasi hicho, chenye mng'ao huo, na kimetulia mahali pamoja, miale hiyo ingejimaliza yenyewe kabla ya kutoka, nasi tusingeona kitu. Kule kuiona tu kunalazimu kwamba chanzo kinatujia kwa kasi kubwa. Kwa usiku ule wa 2006 wako waliohesabu kwamba kipimo cha kubanwa kwa muda, ukihesabu kwa saa ya chanzo chenyewe, kilipaswa kufikia 50 au kuzidi, na hicho ni kikubwa mno. Darubini za redio, zinapofuatilia mabonge yanayosafiri ndani ya mikondo ya blaza za aina hii, mara nyingi huyakuta yakienda polepole kuliko hesabu hiyo inavyodai. Mgongano huu kati ya redio na gama umekuwapo kwa miaka mingi, nami siupuuzi kama wanavyofanya baadhi ya waandishi wa makala fupi fupi.

Sasa tufike penye kiini cha tatizo. Shimo jeusi lenye uzito wa Jua bilioni 1, ambao ndio uzito unaokadiriwa kwa galaksi kama PKS 2155-304, lina mpaka, ambao kikishauvuka hakuna kinachoweza kurudi, na nusu kipenyo chake ni kilomita bilioni 3 hivi. Mwanga huchukua karibu saa 2 na dakika 45 kukata umbali huo. Sekunde 200 ni kama sehemu ya hamsini tu ya muda huo. Yaani kitu kinachosukuma mkondo wote ni kikubwa kuliko mabadiliko yanayoonekana ndani yake, na kwa kuwa shimo ndilo dogo kuliko vyote katika mtambo huu, tungetarajia kwamba hakuna kitakachobadilika haraka kuliko shimo lenyewe linavyoweza.

Hapo wengi hukimbilia kusema kwamba kasi ya mkondo imekwisha kulitatua jambo, na hilo si kweli. Kubanwa kwa muda kunahusu matukio yanayosafiri pamoja na kipande kile kile cha mkondo. Lakini ikiwa chanzo cha misukosuko ni shimo, ambalo halitujii, na linatoa kishindo kimoja kila baada ya saa 3, basi kila kishindo kinaanza safari mahali pale pale kilipoanzia kilichotangulia, nasi tutavipokea kwa kupishana saa 3 hata mkondo uwe na kasi ya namna gani. Mwendo hauwezi kulipunguza shimo. Kwa hiyo misukosuko ya dakika chache lazima izaliwe ndani ya mkondo wenyewe, katika vipande vilivyo vidogo kuliko upana wake.

Maelezo ninayoyaona kuwa na mashiko zaidi kwa PKS 2155-304 ni yale ya uga wa sumaku. Mkondo hubeba uga wenye nguvu. Pale mistari ya uga inayokabiliana inapokatika na kujiunga upya, nguvu nyingi hufunguliwa ghafla na vifuko vidogo vya chembe hurushwa ndani ya mkondo, navyo vina kasi yao wenyewe inayokaribia ya mwanga ukilinganisha na mkondo unaovibeba. Kifuko kikitokea kurushwa kuelekea kwetu, muda hubanwa mara mbili, kwanza na mkondo na pili na kifuko. Maelezo haya yanapatana pia na upungufu wa kasi ambao darubini za redio huuona, kwa sababu hayahitaji mkondo wote uende kasi kupita kiasi. Vipande vyake vichache tu ndivyo vinavyohitaji kufanya hivyo.

Hata hivyo, si kila galaksi inakubali maelezo hayo kwa wepesi. Mwezi Juni 2015 setilaiti ya Fermi, inayochunguza miale ya gama, iliona miale ya 3C 279 ikiongezeka maradufu ndani ya muda usiofika dakika 5. Galaksi hiyo ina mawingu mengi ya gesi ing'aayo karibu na shimo lake, na mwanga wa mawingu hayo ungezuia miale yenye nguvu kubwa kutoka; inaelekea basi kwamba miale hutokea mbali zaidi, ambako mkondo umeshapanuka sana. Eneo dogo kiasi hicho, mbali kiasi hicho, na bado linatoa nguvu nyingi kiasi hicho: mambo haya matatu ni vigumu kuyashika kwa pamoja. IC 310 nayo, iliyomo katika kundi la galaksi la Perseus, ilitazamwa na darubini za MAGIC za kisiwa cha La Palma mwezi Novemba 2012, ikabadilika ndani ya muda usiofika dakika 5, ilhali mwanga huhitaji takriban dakika 25 kukata shimo lake jeusi. Mkondo wake hautuelekei moja kwa moja, hivyo kubanwa kwa muda si kukubwa, na walioichunguza walipendekeza kwamba miale hutoka pembeni kabisa mwa shimo, kwenye mapengo yenye uga mkali wa umeme ambamo chembe huharakishwa. Sidhani kwamba maelezo ya aina moja yatazitosha galaksi hizi tatu.

Jambo lingine linalogombaniwa, ambalo nitalipitia upesi, ni chembe zipi hasa zinazotoa miale hiyo. Wengi wetu tunaegemea elektroni, ambazo hugonga fotoni (chembe za mwanga) za mwanga wa kawaida na kuzipandisha hadi kiwango cha gama. Elektroni hupoteza nguvu zake upesi, na hilo linapatana na mabadiliko ya haraka. Lakini tarehe 22 Septemba 2017 kituo cha IceCube, kilichozikwa ndani ya barafu ya Ncha ya Kusini, kilinasa nyutrino moja, chembe isiyo na chaji inayopenya karibu kila kitu, kutoka upande wa blaza ya TXS 0506+056, wakati ambapo blaza hiyo ilikuwa katika kipindi cha kung'aa sana kwa gama. Nyutrino kama hizo huhitaji protoni. Walipopekua kumbukumbu za nyuma, watafiti walikuta wingi wa nyutrino kutoka upande huo huo kati ya mwaka 2014 na 2015, ila safari hiyo blaza haikuwa iking'aa kupita kawaida, na tangu hapo ni vigumu kwa mtu kuwa na uhakika uliokamilika upande wowote.

Kuhusu shaka yako juu ya vyombo: ni shaka ya haki, na imejibiwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya kila siku. Mwale wa gama ukiingia angani kwetu, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, huzaa mvua ya chembe inayotoa mwanga wa buluu kwa muda wa sehemu chache za bilioni moja za sekunde, na mwanga huo ndio unaokusanywa na darubini za ardhini. (Mwale wenyewe haufiki chini, kwa hiyo wazazi wa wanafunzi wako wasiwe na hofu.) Darubini kadhaa huitazama mvua ile ile kwa pamoja, na wakati huo huo hupima mbingu iliyo pembeni mwa galaksi. Wingu likipita au kioo kikipata umande, mbingu ya pembeni nayo hubadilika. Usiku wa 28 Julai 2006 kilichoruka ni nukta ya galaksi peke yake.

Namna ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi. Blaza iitwayo B0218+357 iko nyuma ya galaksi nyingine ambayo uzito wake hupinda mwanga, hata mwanga huo ukatufikia kwa njia mbili zenye urefu tofauti. Kwa kutumia mimweko ya mwaka 2012, wanafalaki wa Fermi walipima tofauti ya njia hizo wakapata siku 11 na nusu hivi. Mwezi Julai 2014 Fermi iliona mmweko mpya. MAGIC haikuweza kuutazama wakati huo kwa sababu ya mbalamwezi, lakini tarehe ilishajulikana. Siku 11 baadaye waliielekeza darubini yao, na mmweko wa njia ya pili ukafika, ukiwa umesafiri zaidi ya miaka bilioni 7. Chombo kinachoyumba hakiweki miadi.

Kuhusu darasa lako, anza na historia iliyo jirani nanyi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya falaki ya miale ya eksi pekee, ikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo ya Kenya. Mwezi Novemba 1972 jukwaa hilo hilo lilirusha SAS-2, iliyochunguza miale ya gama hadi Juni 1973. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu njia inayozunguka juu ya Ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembe za angani zinazovuruga vipimo, na miale ya gama ni michache kiasi kwamba kila chembe ya bandia ni hasara.

Kutazama kwa macho kunawezekana kidogo. Ukipata darubini yenye kioo cha sentimita 20 hivi, galaksi hai ya 3C 273 katika kundinyota la Mashuke huonekana kama kinyota hafifu, nayo hupita karibu na utosi wa Mombasa. Msiingoje Mei, kwa sababu ya mawingu ya masika. Mwishoni mwa Februari, kaskazi ingali ikivuma, huwa juu kabisa mnamo saa nane na nusu za usiku. Kwa uaminifu niwaambie kwamba hamtaona ikibadilika mbele ya macho yenu.

Kazi yenye manufaa zaidi iko kwenye intaneti. Kundi la Fermi limeweka wazi, bila malipo, grafu za mng'ao wa vyanzo zaidi ya 1,500 tangu setilaiti hiyo ilipoanza kazi mwaka 2008, na simu yenye data inatosha kuzipata. Mpe kila mwanafunzi blaza moja, kama 3C 279 au 3C 454.3; atafute mpando mkali kuliko yote, apime muda uliochukua kuongezeka maradufu, kisha azidishe kwa kasi ya mwanga. Waonye mapema juu ya jambo moja: vipimo vya grafu hizo vimejumlishwa kwa siku 3, kwa wiki au kwa mwezi. Atakayepata siku 3 atafikia kilomita bilioni 78 hivi, na hicho ni kikomo kilichowekwa na namna data ilivyojumlishwa. Chanzo chenyewe kinaweza kuwa kidogo mara maelfu, kama ilivyodhihirika kwa 3C 279 mwezi Juni 2015.